Alisema Mahali, Wakasikia Mahari

Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, na hapa Biryogo kila mtu ana maelezo yake ya kwa nini sijaolewa. Wapo wanaosema najiona. Wapo wanaosema nilikuwa hawara wa bosi wangu. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyeuwasha moto wenyewe, anasema nimerogwa! Haya, leo nasema mwenyewe kwa mdomo wangu, na atakayebaki na lake abaki nalo.

Majina nimeyabadilisha yote, hata langu. Niiteni Zaituni.

Nimezaliwa hapa hapa Kigali. Babu yangu alitoka Ujiji akaja kufanya biashara, akaoa, hakurudi tena. Kinyarwanda tunakijua sana, lakini nyumbani kwetu ukimsalimia Shangazi Mwajuma kwa Kinyarwanda anakuuliza kama umehama dini. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ananipenda, siwezi kusema uongo. Ila mdomo wake... mdomo wake hauna mlango.

Mwaka 1990 nilikuwa nafanya kazi kwenye bandari kavu, kule bondeni Gikondo. Msomaji wa mbali atacheka: Kigali na bandari, wapi na wapi? Sikiliza basi. Mzigo unashuka melini Mombasa au Dar es Salaam, unapakiwa kwenye lori na kutiwa lakiri, na haufunguliwi mpaka ufike kwetu. Kwetu ndiko watu wa forodha wanakoukagua, na ndiko unakolala ghalani hadi mwenyewe aje kuulipia ushuru. Maghala yetu hayakuwa mengi, na uwanja ulikuwa mdogo.

Kazi yangu ilikuwa kupangia mizigo mahali. Mimi ndiye niliyejua ghala lipi lina pembe tupu. Mimi ndiye niliyekataza sukari isilale jirani na mafuta ya taa. Kwa hiyo neno letu kubwa pale, kutwa kucha, lilikuwa hilo moja: mahali. Hakuna mahali! Mahali pamepatikana! Nani kanichukulia mahali pangu?

Bosi wangu, mkuu wa maghala, nimwite Modesti. Mtu wa Gitarama, Mkatoliki wa kanisa kila Jumapili, mume wa mtu na baba wa watoto. Mpole, hana makuu. Kiswahili alikiokota kwa madereva, na kama Wanyarwanda wengi, kwake L na R ni mtu na ndugu yake. Huyu asipokuwepo, yule anamshikia nafasi. Alikuwa akiingia ofisini na kuniuliza, "Zaituni, hii chumvi iko na mahari?"

Wiki ya kwanza nilicheka hadi machozi. Chumvi inaposwa na nani, jamani? Baadaye nikazoea, na mwisho nikawa sisikii tena. Akisema mahari, mimi moja kwa moja kichwani nasikia mahali, naenda zangu ghalani.

Sasa nije kwa Bakari.

Bakari alikuwa dereva wa lori, mtoto wa Tanga. Mrefu, msafi, kofia yake nyeupe hata baada ya safari ya siku nyingi. Lakini kilichonimaliza mimi ni ulimi wake. Weee! Akizungumza unatamani asinyamaze. Alikuwa akisikia watu wa Kigali wanasema "mutu" au "rori" anashika kichwa kama kaumwa na jino, anamsahihisha mtu hadharani. Mimi nikaona ni maringo ya mapenzi tu. Nilijivunia! Nilijiona nimepata mwanaume ambaye maneno yake yamenyooka, na nikadhani basi na moyo wake umenyooka.

Tukakubaliana. Alisema safari ijayo, akishashusha mzigo na kupewa chake na tajiri wake, atatuma wazee wa Kitanga wanaoishi Nyamirambo walete mahari. Shangazi hakufurahi. Kwake yeye dereva ni mume wa barabara, na mke ni kituo cha mafuta. Lakini sikumsikiliza. Nilianza kushona nguo.

Oktoba waasi wakaingia kutoka Uganda, vita vikaanza.

Barabara ya kaskazini ikafungwa. Malori yote yaliyozoea kupita Uganda yakageukia Tanzania, yakawa yanaingia kwa mpaka wa Rusumo, yote, kwa mkupuo mmoja! Uwanja wetu ukajaa, foleni ikatoka langoni ikapanda hadi barabarani. Na mizigo ya serikali ilikuwa inapita mbele ya mizigo yote. Mfanyabiashara aliyekuwa akisubiri siku mbili sasa alisubiri wiki tatu.

Na mji wenyewe ukageuka. Vizuizi kila njia, vitambulisho mkononi, jua likizama kila mtu ndani. Jirani aliyefungua redio kwa sauti ya chini alishukiwa. Asiyekuwa na redio alishukiwa zaidi, ati habari anazipata wapi? Kulikuwa na neno moja la Kinyarwanda ambalo likikuangukia umekwisha: icyitso, yaani msaidizi wa adui. Watu walichukuliwa kwa hilo neno tu. Ulikuwa ukiingia ofisini unakuta kiti kitupu, na hakuna anayethubutu kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Ndipo Bakari akafika na saruji. Mwezi Novemba, mvua za kumwaga! Turubai lake lilikuwa limechanika pembeni, na mahali hakuna. Akasimamishwa nje ya uzio, nyuma ya malori mengine chungu nzima.

Siku za mwanzo alikuwa mvumilivu. Nilikuwa nampelekea chai na chapati tunakaa kwenye lori tunacheka. Kisha kicheko kikaanza kupungua. Akaanza maswali. Mbona lori la Kahama limeingia na lilikuja nyuma yangu? Nikamwambia lile lina dawa za hospitali. Mbona la Mwanza? Nikamwambia lile ni la serikali. Ananiangalia... anasema, "Haya." Hiyo haya yake nilikuwa naisikia mgongoni nikiondoka.

Siku moja akanitolea uvivu. Alisema wewe ndiye mwenye mahali, mahali pote wapanga wewe, inakuwaje mchumba wako ndiye analowa? Saruji ikishika maji ni mawe, na tajiri hatalipa mawe. Hakuna malipo, hakuna mahari. Kisha akasema pole pole, "Au hutaki mahari yangu, Zaituni?"

Iliniuma! Nilikwenda kwa Modesti siku ile ile. Sikuwahi kumwomba upendeleo tangu nianze kazi. Chumba cha nje kilikuwa kimejaa madereva na mawakala wa forodha, kwa hiyo alifunga mlango ili tuzungumze. Nikamweleza ukweli wote, kwamba ndoa yangu imekaa juu ya lori la saruji. Akafikiri, akasema atajaribu, kuna mzigo wa vitambaa unaweza kutoka Jumamosi. Akaniambia, "Ila usiambie mutu, Zaituni. Hawa bengine bakijua, batachoma ofisi."

Nikatoka na furaha yangu nimeificha. Niliona Verediana, karani mwenzangu, ananitazama mimi, anautazama mlango, ananitazama mimi. Sikujali. Na Bakari sikumwambia, kwa sababu niliambiwa nisiseme. Nilitaka nimshtukize kwa furaha. Mjinga mimi!

Jumamosi nilikwenda Kabeza kumwona rafiki yangu aliyekuwa mgonjwa. Kurudi, kizuizi cha barabara ya uwanja wa ndege kilitushikilia mpaka saa za kutembea zikaisha. Nikalala huko huko.

Na Jumamosi hiyo hiyo, alasiri, Modesti alikuja Biryogo. Vitambaa vilikuwa vimetoka! Nyumbani hatukuwa na simu, kwa hiyo mzee wa watu akaja mwenyewe na gari lake, kwenye mvua, kwenye vichochoro vile. Hakushuka. Akateremsha kioo, akamkuta Shangazi kibarazani, akamwambia hivi, na nayaandika kama yalivyosemwa:

"Mama, mwambie Zaituni mahari iko tayari. Akuje Jumatatu mapema. Asipokuja, nitapatia mwingine."

Akaondoka.

Wasomaji wenzangu, Shangazi yangu amezaliwa mji huu. Amesikia L na R zikibadilishana viti tangu hajaota meno. Angeuliza swali moja tu! Mahali pa nini, baba? Lakini sikio nalo lina tamaa yake. Alimwona mwanaume mwenye gari, mwenye cheo, anataja mahari mlangoni kwake, na akasikia alichokuwa akikiomba kwa Mungu usiku na mchana. Mahari iko tayari! Na nisipokwenda upesi, atampa mwanamke mwingine!

Kufika magharibi Shangazi alikuwa ameshamsilimisha Modesti na kumpa jina la Mustafa. Mke wa kwanza aliyeko? Sheria inaruhusu. Alikwenda kwa mafundi cherehani, akaenda kwa muuza maandazi, akaenda kwa mama wa hoteli wanakokula madereva. Na huko hotelini, Jumapili asubuhi, Bakari alikuwa anakunywa chai.

Mimi nafika Jumapili mchana, nimechoka, Shangazi ananipokea kwa vigelegele. Ananisimulia. Na hapa ndipo mpaka leo sijisamehe... Mimi! Mimi niliyekuwa nasikia mahari ya chumvi na mahari ya sukari kila siku ya Mungu! Pale nyumbani, kwenye mdomo wa Shangazi, neno lilikuwa limenyooka sana. Alilitamka kama linavyotamkwa. Sikumsikia Modesti ndani yake hata kidogo.

Nikaanza kukumbuka. Mbona alifunga mlango? Mbona alisema nisimwambie mtu? Mbona amekuja mwenyewe hadi nyumbani? Kumbe upole wote ule ulikuwa na jambo lake? Nilimchukia yule mzee pale pale, nikiwa hata sijavua viatu.

Bakari akaingia. Hakusalimia. Aliuliza, "Mahari ya nani iko tayari?"

Nikamjibu, "Sijui."

Ningesema lolote! Ningelia, ningemrukia, ningemwambia twende sote tukamuulize. Nikasema sijui, tena nikatazama chini, kwa sababu nilikuwa naona aibu kwa jambo ambalo hata sikulifanya.

Akatabasamu. Alimwomba Shangazi amrudie maneno ya Modesti kama yalivyo, bila kupunguza. Shangazi akayarudia, tena kwa fahari. Bakari akayasema kimoyomoyo, midomo inacheza, kama mtu anayejifunza sura ya Kurani. Kisha akaniambia kwamba katika mji wetu asiyejua huulizwa na wanaojua. Akaondoka. Nilidhani ni hasira za mapenzi tu, zitapoa.

Jumatatu niliingia ofisini nimechelewa, nimenuna, nimejifunga ushungi mpaka shingoni. Modesti akanitazama kwa mshangao. "Zaituni! Mbona hamukuja mapema? Ile mahari nimepatia mwingine. Nilisema kwa yule mama!"

Ikaniangukia. Mahali! Mahali pa saruji! Nikakaa chini sakafuni, nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Nikamweleza kila kitu, hata jina la Mustafa. Yule mzee alicheka akavua miwani. Akasema mke wake akisikia atamwaga ugali. Halafu akaona machozi yangu, akasema basi, leo hii tutambana mtu, saruji itaingia ghala la mwisho, nikamwite huyo bwana wangu anayetoka kwa wenye Kiswahili chao.

Nilikimbia kwenye matope hadi lorini. Bakari hayupo. Dereva wa jirani aliniambia kaondoka alfajiri, kavaa shati safi, kaelekea mjini. Nikasubiri. Nikarudi ofisini.

Gari la askari lilikuwa limesimama mbele ya mlango.

Walikuwa wanamtoa Modesti. Wapagazi walikuwa wamesimama na magunia begani. Modesti alivaa koti lake taratibu. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usisahau ile saruji."

Na saruji haikusahauliwa. Alasiri hiyo hiyo ikaja amri kutoka juu: lori lile liingie kwanza. Likaingia, likashushwa, na asubuhi ya pili Bakari hayupo. Kavuka Rusumo bila kuniaga! Nikajiambia ameogopa, mgeni wa watu, nani asingeogopa? Hebu oneni upofu wangu. Nilimtafutia udhuru mpaka nikachoka.

Aliyemsaliti Modesti nilimtafuta kwingine. Nilimshuku mlinzi wa langoni, kwa sababu alikuwa na viatu vipya. Nilimshuku wakala mmoja aliyekosa mahali wiki ile. Zaidi ya wote nilimshuku Verediana, kwa lile jicho lake la mlangoni. Nilimnyima salamu. Nilihamisha meza. Siku moja alinipa chai nikaimwaga mbele yake, nikiwa na hakika kabisa. Mwanamke wa watu akalia, wala hakujua anachokililia. Ofisi nzima ilikuwa hivyo, kila mtu anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Kisha nikaitwa mimi.

Chumba kilikuwa na meza na kiti, na afisa mmoja mwenye adabu zake. Alitaka tuzungumze Kiswahili, ati kwa sababu shauri lenyewe ni la Kiswahili. Akaniuliza, "'Mahari iko tayari.' Mahari hiyo ni nini?"

Maneno ya kibarazani kwetu, ndani ya chumba kile! Lakini nikashukuru kimoyomoyo, nikasema hili ni jepesi, nalimaliza sasa hivi. Nikamweleza kwamba bosi alikusudia mahali, siyo mahari.

Akasema, "Ndiyo. Mahari."

Nikasema hapana afande, mahali. Mahali ni pa kuweka mzigo. Mahari ni ya kuolea.

"Sema tena."

"Mahali. Mahari."

Akamtazama mwenzake mlangoni. Wakatikisa vichwa. "Mahari na mahari," akasema. "Nasikia kitu kimoja."

Wallahi sikuwa najua nicheke au nipige kelele! Nikamweleza kwa Kinyarwanda, kimoja ni ahantu, kingine ni inkwano. Hapo akaelewa. Akafurahi, akaegemea kiti. Akauliza: sasa mkubwa wako alisema lipi? Nikasema alisema mahari, lakini alikusudia mahali. Akasema, basi alisema mahari. Nikasema ndiyo, lakini... Akasema hakuna lakini. Mtu mwenye mke wa kanisani anapeleka mahari kwa Waislamu, wakati wa vita, na yeye ndiye mwenye funguo za maghala. Hiyo mahari ni silaha au ni watu?

Nikamwambia yeye mwenyewe, afisa, anatamka vile vile! Hakukasirika. Aliniambia kwamba wao si wajinga, wamemuuliza mwenye lugha. "Mutu wa Tanga ametuelezea. Wewe unajua Kiswahili kushinda mutu wa Tanga?"

Nilikuwa nimeshamjua.

Bakari! Siku zote alizokaa Kigali aliwasahihisha watu R zao na L zao. Hakuna mtu duniani aliyejua kama yeye kwamba mtu wa Gitarama akisema mahari huenda kasema mahali. Alijua! Au wivu ulimziba asijue? Nimejiuliza mpaka nimechakaa. Lakini hata kama hakujua, alijua anampeleka mwanadamu wapi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Shangazi nilipomwambia aliketi chini akajipiga mapaja. Alilia siku nyingi. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi, na mimi mwenyewe neno lile lilinipita?

Nilikwenda kwa mke wa Modesti, mama Konsolata. Nilibeba sukari na sabuni, nikapiga hodi. Akafungua, akanitazama toka ushungi hadi miguu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe ndiye wa mahari?" Nikafungua mdomo nieleze... akafunga mlango. Nilimsikia analia kwa ndani, na mimi nalia kwa nje, kitasa katikati yetu.

Modesti alitoka mwaka uliofuata. Hakuna aliyemwambia alichukuliwa kwa nini, wala anaachiwa kwa nini. Kazi alikuta ina mtu mwingine. Mkono wa kulia haukunji vidole. Sasa ana kibanda Kabeza, anauza misumari na kufuli, anarudisha chenji kwa mkono wa kushoto. Nilipokwenda kumwona, alinipa kiti, akaniuliza habari za maghala. Hakunilaumu! Ila niligundua jambo. Kila alipotaka kusema mahali, alisimama kidogo, akameza mate, akasema "nafasi". Lile neno halisemi tena. Nilifika nyumbani nikalala bila kula.

Na mama Konsolata? Huyo ilichukua muda. Ni Modesti mwenyewe aliyemweleza, jioni kwa jioni, mpaka siku moja nikapiga hodi akaniambia ingia.

Mwaka jana Bakari alirudi.

Alikuja na wazee wawili wa Nyamirambo, kanzu nyeupe, na mahari yote kamili, na kanga, na kitanda cha mninga kinachofuata kwa lori. Madereva wa Rusumo walikuwa wamemsimulia ukweli. Alilia mbele ya wazee. Alisema ni mapenzi yaliyomtia wazimu, alisema hajalala usingizi tangu siku ile, alisema mimi ndiye mke wake mbele ya Mungu. Na kwa ulimi ule! Jamani, msinihukumu... nilikuwa bado nampenda. Shangazi alikuwa ameshika mkono wangu anauminya, anasema kwa macho: kubali, mwanangu, umri unakwenda.

Nikasema nakubali.

Nikasema nakubali kwa sharti moja. Tutoke sasa hivi, mimi na yeye, twende Kabeza. Asimame mbele ya Modesti na mkewe, aseme kwa Kiswahili chake kizuri: ni mimi niliyekwenda kusema. Basi. Sitaki kuongezewa hata kanga moja.

Bakari alikauka machozi palepale. Akaniuliza kama nataka ajipeleke mwenyewe. Akasema yule mzee yu hai, ametoka, mambo yamekwisha, ya nini kufukua kaburi? Akasema atampelekea kitu kidogo kwa mkono wangu, bila kutaja jina. Akasema ataongeza mahari. Nikamwambia siuzi. Mzee mmoja akajikohoza, akasema, "Binti, mwanaume hapigishwi magoti kwa mtu baki."

Nikamtazama Bakari nikingoja ampinge. Nilingoja, wallahi, nilingoja! Kama angesema tu "twende", ningesahau yote. Alikuwa anaitazama kofia yake mkononi, anaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mahari umeweza kuibeba kutoka Tanga," nikamwambia, "neno moja la kwenda nalo Kabeza limekushinda."

Wakaondoka na vitu vyao. Mlangoni aligeuka, akaniambia nitajuta. Nimejuta mara nyingi, sitawaficha. Usiku wa baridi najuta. Harusi ya mwenzangu ikipita na matarumbeta kichochoroni najuta. Kisha nakumbuka ile kofia inavyofutwa, najigeuza upande wa pili.

Verediana nilimwomba radhi. Alinisamehe kabla sijamaliza kusema, na hilo liliniumiza zaidi. Bado nipo bandari kavu, bado napanga mizigo. Watu wanasema mambo yatatulia sasa, mazungumzo ya amani yanaendelea, barabara zitafunguliwa. Mungu ajalie. Lakini naona watu bado wanasikilizana kwa lile sikio la mwaka ule, na inanitisha.

Wasichana wenzangu, mwanaume akikuuliza jambo nawe hujui, usiseme sijui ukatazama chini. Mshike mkono mwende kwa aliyesema. Kina shangazi, nawaomba kwa heshima zote, habari njema iulizeni mara mbili kabla ya kuitembeza.

Na nyinyi wanaume wenye wivu, kaka zangu, ukisikia neno limekuchoma moyo, nenda kwa mwenye neno, mtazame usoni, muulize: ulisema nini? Akuchekeshe, akukasirishe, mpigane hata ngumi, sawa tu. Mtapona. Na kama kuuliza huwezi, basi nakuomba, na kusema pia usiende.